Jerania 'Rozanne': maua hayakatiki, ila jirani zake wataumia

Mimea mingi ya kudumu yenye maua ya buluu huchanua wiki chache, kisha ikabaki majani matupu. 'Rozanne' huanza mapema kiangazi na haikomi hadi baridi kali iiangushe. Anayetaka buluu ya anga asiinunue: hii imeingia zambarau, na katikati ya ua pana doa jeupe.

Siri yake ni utasa. Ni chotara aliyeonekana katika bustani ya Donald na Rozanne Waterer huko Somerset, Uingereza, akaingia sokoni mwaka 2000. Kwa kuwa haizai mbegu, nguvu yote inakwenda kwenye maua. Basi ukikuta pakiti ya mbegu yenye jina hili, iache hapo hapo.

Nunua mche wa kopo, na uuchomoe uitazame mizizi kabla ya kulipa. Mche unaoyumba shingoni una walakini: pekua udongo, na ukikuta mabuu meupe yaliyojikunja, yenye kichwa cha kahawia, hayo ni ya fukusi. Yatamaliza mizizi, kisha yahamie kwa mimea mingine.

Shimo liwe na upana mara mbili ya kopo, kina kile kile. Kitovu, yaani pale mashina yanapokutana na mizizi, kikae usawa wa uso wa udongo. Kukifukia ni kukiozesha, hasa penye maji yanayotuama. Mwaka wa kwanza mwagilia kwa kina, si kwa kunyunyizia juu juu. Mbolea ya naitrojeni usiizidishe, utavuna majani.

Sasa kasoro yake. Shina moja moja hutambaa na kulalia chochote kilicho karibu, kwa hiyo acha sentimita 60 hadi 90 kila upande, na usiweke mimea mifupi pembeni. Katikati ya kiangazi kitovu hubaki na upara. Hapo usione huruma: kata mashina yote yabaki sentimita 10, mwagilia vizuri, na baada ya wiki chache yatachipua na kuchanua tena. Afadhali mashina hayo hayatoi mizizi yakigusa ardhi, hivyo hayageuki magugu.

Kuizalisha ni kwa kugawa shina mama machipukizi yanapoanza kutokeza. Tumia kisu kikali, maana kitovu ni kigumu, na kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi yake. Usitarajie vipande vingi.