Tarantula wa kuanza naye: nimewapanga kuanzia anayefaa zaidi

Ukiwa Nakuru au Kisumu na unatamani kufuga tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, usianzie kichakani. Kenya ina tarantula wake, wakiwemo Pterinochilus murinus na Pelinobius muticus, lakini hao ni wakali na wana mbio, na wakikuuma maumivu yanaweza kukukalia siku kadhaa. Isitoshe, kumchimbua mnyama wa porini bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kujitafutia kesi. Mwaka 2025 vijana wawili Wabelgiji walikamatwa Naivasha na maelfu ya malkia wa sisimizi, na mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mdudu hana mwenyewe.

Anayeanza atafute tarantula wa Amerika aliyezaliwa kwa mfugaji. Hao, wakitishwa, wengi hukimbilia kujificha au kupukuta vinyweleo vya tumboni kwa miguu ya nyuma. Vinyweleo hivyo vinawasha ngozi vibaya na ni hatari kwa macho, basi usimwinamie karibu.

Wa kwanza kwangu ni Tliltocatl albopilosus wa Honduras, Nikaragua na Kostarika, mwenye manyoya yaliyojikunja. Ni mpole, anakula vizuri, na udongo ukikauka au ukilowa kidogo hasumbuki sana. Wa pili ni Brachypelma hamorii wa Mexico, yule wa magoti mekundu. Kwa sura anamshinda wa kwanza, ila hupukuta vinyweleo upesi zaidi. Jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo fikiria nani atamtunza ukihama. Jenasi yake yote, yaani kundi zima la Brachypelma, imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, hivyo hasafirishwi nje bila karatasi. Wa tatu ni Grammostola pulchra, mweusi tii na mtulivu, lakini hukua polepole mno. Wa nne ni Chromatopelma cyaneopubescens wa Venezuela, mwenye miguu ya buluu. Anapendeza ajabu, ila ana wepesi unaomtisha mgeni.

Yeyote utakayemchagua, pita kwanza ofisi ya KWS, iwe ya Ziwa Nakuru au ya Hifadhi ya Impala pale Kisumu, uulize vibali kabla ya kutuma hela. Muuzaji asiyejua mnyama wake alizaliwa wapi, achana naye hata akikupunguzia bei.

Nunua kijana wa sentimita nne au tano hivi. Mdogo kuliko huyo hufa kwa kosa dogo. Dume aliyekomaa naye ana muda mfupi wa kuishi. Utamjua kwa ncha za vipapasio, vile viungo viwili vifupi vya mbele karibu na mdomo, zilizovimba kama glavu za ndondi. Mkague kabla hujalipa: tumbo lisiwe limenywea, na miguu isiwe imejikunja chini ya mwili. Mguu mmoja ukikosekana usiogope, utaota tena akijivua ngozi.

Nyumba yake haina gharama. Kontena la plastiki lililotobolewa matundu latosha, lakini liwe pana kuliko kimo cha kontena lenyewe, maana akianguka kutoka juu tumbo linaweza kupasuka. Weka udongo wa maganda ya nazi wanaotumia wenye vitalu vya miche, kigae cha kujificha, na kifuniko cha soda chenye maji. Nakuru usiku wa Julai, mweke mbali na dirisha. Kisumu, mkinge na jua.

Chakula ni nyenje, ambao siku hizi wanafugwa magharibi mwa Kenya. Mende wa jikoni usimpe. Huenda amepuliziwa dawa.

Siku atakapogoma kula kisha akalala chali, hajafa. Anajivua ngozi. Usimguse wala kumgeuza, na mtoe nyenje aliyebaki ndani, kwani anaweza kumtafuna akiwa bado laini. Meno yake yatakuwa meupe. Ngoja wiki moja au mbili mpaka yawe meusi, ndipo umlishe.