Swichi ya KVM kwenye meza ya steshenari: tathmini kutoka Mwanjelwa

Ofisi yangu ya steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, ina meza moja na kompyuta tatu: ya kuchapia, ya picha za pasipoti, na moja kuukuu yenye programu ya hesabu isiyokubali Windows mpya. Kwa muda mrefu meza hiyo ilibeba kibodi tatu na vipanya vitatu, na si mara moja nilisukuma kipanya cha kompyuta hii huku nikishangaa kwa nini mshale kwenye ile hausogei. Ndipo nilipoamua kununua swichi ya KVM, yaani kisanduku kinachoziwezesha kompyuta kadhaa kutumia kibodi, skrini na kipanya kimoja kwa kubonyeza kitufe.

Swichi ya kwanza ilikuwa na matundu manne ya HDMI, aina ya tundu la kupitisha picha, na bei yake ilikuwa ndogo. "Kaka, hii ni kuchomeka tu," alisema muuzaji. Kuchomeka ndiko kulikonishinda, kwa kuwa kompyuta zangu mbili ni Dell OptiPlex 7010 za mtumba, ambazo nyuma yake zina matundu ya picha ya aina nyingine, VGA na DisplayPort, wala hazina HDMI. Waya wa kutoa picha DisplayPort kwenda HDMI upo, ila kwa kawaida hupitisha picha upande mmoja tu, na wangu wa kwanza ulikuwa wa upande usio wangu. Ile kompyuta kuukuu yenye VGA pekee ilihitaji kibadilishi chenye umeme wake. Gharama ya nyaya na kibadilishi ilikaribia bei ya swichi yenyewe, kwa hiyo ninamshauri mnunuzi azigeuze kompyuta zake na kuzitazama mgongoni kabla hajatoka nyumbani.

Tatizo kubwa zaidi lilijitokeza baadaye. Skrini huiarifu kompyuta ukubwa wa picha inaoweza kuonyesha, na taarifa hiyo huitwa EDID. Swichi yangu iliikata kila nilipohama, hivyo kompyuta niliyoiacha iliamini kwamba skrini imechomolewa. Nikirudi, picha ya nukta 1920 kwa 1080 ilikuwa imeshuka hadi 1024 kwa 768, na alama zote za kwenye skrini zimejibana upande wa kushoto kama abiria wa daladala ya Uyole jioni. Swichi bora huitunza taarifa hiyo hata wakati kompyuta haitazamwi, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko idadi ya matundu.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Nilichomeka printa kwenye tundu la USB la swichi ili kompyuta zote ziitumie. Nikiwa ninachapa utafiti wa mwanafunzi mmoja wa chuo, nilihamia kwenye kompyuta ya picha, na kazi ikakatika katikati, kwa sababu printa nayo ilihama pamoja na kibodi.

Swichi ninayoitumia sasa ina matundu mawili tu, inatunza EDID, na ina adapta yake ya volti 5. Ile ya kwanza ilitegemea umeme wa USB ya kompyuta, na kibodi ilikuwa ikizimika kila nilipoongeza kisoma kadi. Kubadilisha kompyuta ni kubonyeza kitufe cha Scroll Lock cha kibodi mara mbili, ilimradi kibodi ichomekwe kwenye tundu lenye alama ya kibodi. Ikichomekwa kwenye tundu la kawaida la USB inaandika vizuri, lakini amri hiyo haisikiki. Kompyuta ya hesabu nimeiachia skrini na kibodi yake, kwani huwashwa mara moja kwa wiki.

Zipo pia programu kama Mouse Without Borders ya Microsoft, inayofanya kazi kupitia mtandao wa ofisini bila kifaa chochote, lakini kila kompyuta hubaki na skrini yake, nami meza ndiyo iliyokuwa imenishinda.

Lalamiko nililobaki nalo ni mlio mkali wa swichi yangu kila ninapohama. Sikuona kwenye kijitabu namna ya kuuzima, kwa hiyo nimebandika selotepu mikunjo mitatu juu ya kitundu chake.