Xfce ndani ya Debian: Tathmini ya Ufungashaji, kutoka Wete

Tathmini nyingi za mazingira ya eneokazi huhukumu sura: rangi za madirisha, mpangilio wa menyu, wepesi wa kufungua programu. Mimi nataka kuzungumzia jambo ambalo mtumiaji halioni mpaka liharibike, nalo ni namna Xfce, mazingira mepesi ya eneokazi, inavyofungashwa katika vifurushi vya kusakinisha na timu ya Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, kabla ya kumfikia mtu. Nimeitumia Debian 12, iliyotoka Juni 10, 2023 ikiwa na Xfce 4.18, katika chumba cha kompyuta cha skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Mashine ni za mtumba, memori yake ni gigabaiti 4, na intaneti hununuliwa kwa bando la simu. Mahali pa namna hiyo hapamfichi mfungashaji mzembe, kwa kuwa kila kifurushi kisicho na kazi kimelipiwa fedha.

Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, si programu moja. Xfwm4 husimamia madirisha, Thunar husimamia mafaili, xfconf hutunza mipangilio, huku paneli na mandhari ya nyuma vikiwa na programu zake, na kila sehemu huweza kutolewa toleo jipya kwa wakati wake. Kazi ya mfungashaji ni kuteua matoleo yanayopatana, kuyatia viraka panapohitajika, na kutamka bayana kipi hakifanyi kazi bila ya kipi. Debian imeviacha vipande hivyo vikiwa mbalimbali, kisha ikavifunga pamoja kwa kifurushi kiitwacho xfce4, ambacho ndani yake hamna programu yoyote ila orodha ya vitegemezi, yaani vifurushi vingine kinavyovihitaji. Faida yake huonekana siku ya masasisho: Thunar ikirekebishwa, hupakuliwa Thunar tu, na vilivyobaki haviguswi.

Utamu wa kazi hii, kwa maoni yangu, umo katika madaraja ya vitegemezi. Debian inayo matatu: vya lazima, vinavyopendekezwa, na vinavyodokezwa tu. Ukipika pilau, mchele ni lazima, bizari inapendekezwa, na kachumbari inadokezwa. Asiyetia bizari atakula, lakini asishangae wageni wakiuliza kilichopikwa ni nini. Kwa kawaida apt, programu ya Debian ya kupakua na kusakinisha vifurushi, huchukua madaraja mawili ya mwanzo, na anayebana bando huvutika kuyazima mapendekezo yote kwa amri moja. Hapo Thunar huja bila ya gvfs, kifurushi kinachoiunganisha na flashi na pipa la taka, na bila ya gvfs hakuna pipa hilo, wala flashi haichomozi pembeni mwa dirisha pale mwanafunzi anapoichomeka. Mwalimu atasema kompyuta imeharibika, kumbe kila kitu kinafanya kazi kama kilivyoagizwa. Nawasifu wafungashaji kwa kuipanga gvfs pale ilipo: wangeifanya ya lazima, wangemnyima uhuru anayetaka mfumo mwembamba, na wangeiacha katika madokezo, wangewaumiza watumiaji wengi wasio na habari.

Lawama yangu iko kwenye pengo baina ya vifurushi viwili. Anayeomba xfce4 peke yake hapati kiashiria cha mtandao katika paneli, kwa hiyo hana pa kubofya ili ajiunge na waifai. Anayeomba task-xfce-desktop, ambacho ndicho kinachochaguliwa ndani ya programu ya usakinishaji, hukipata kiashiria hicho, pamoja na LightDM ya kuingilia, kivinjari cha Firefox ESR na programu za ofisi za LibreOffice. Kwa duka la uchapaji kule Chake Chake kifurushi hicho kikubwa ndicho kinachofaa, kwa sababu LibreOffice ingehitajika vyovyote. Kwa mashine ya kusomea tu mtandaoni, mamia ya megabaiti yatakuwa yamepakuliwa bure. Kifurushi cha kati kingetufaa sana sisi tunaohesabu bando.

Tukiwa kwenye hesabu hiyo, kuna tabia ya apt inayostahili kujulikana. Amri ya apt hufuta vifurushi baada ya kuvisakinisha, ilhali apt-get huviacha katika /var/cache/apt/archives, na kutoka hapo vinaweza kunakiliwa kwenye flashi na kupelekwa mashine ya pili. Iliyo bora zaidi ni apt-cacher-ng, inayoifanya kompyuta moja iwe ghala la wenzake: kifurushi hupakuliwa mara moja, na mashine nyingine hukichukua kupitia mtandao wa ndani. Kwa kuwa apt hukagua orodha zilizotiwa saini pamoja na alama za kila faili, kupitia ghala la jirani hakupunguzi uhakika wa kilichomo.

Kadi za waifai zilikuwa kero ya miaka mingi kwa watumiaji wa Debian, kwa sababu nyingi huhitaji programu ndogo zisizo huria ili ziamke, na programu hizo hazikuwamo katika usakinishaji rasmi. Baada ya kura ya wanachama wa Debian mwaka 2022, zimeingizwa kuanzia toleo la 12. Kwa mtu wa Pemba aliyenunua laptopu ya mtumba na hana waya wa mtandao nyumbani, huo ni uamuzi mkubwa kuliko mabadiliko yoyote ya sura.

Kwa upande wa lugha nimeridhika nusu. Mpangilio wa sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, upo, na saa ya paneli huweza kuandika siku na miezi kwa Kiswahili, lakini menyu za Xfce zimebaki Kiingereza. Hunspell-sw, inayokagua tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice, imo ghalani. Ila haiji yenyewe, lazima iombwe, na sijaona mwalimu aliyejua kuiomba kabla ya kuambiwa.

Sura ni ya kawaida mno: paneli moja juu, nyingine fupi chini, na picha ya Debian katikati. Kama kizuri chajiuza, basi hiki kinahitaji dalali. Wanafunzi waliozoea Windows hutafuta menyu chini kushoto, na kwao nimetumia xfce4-panel-profiles, iliyo na mpangilio unaofanana na waliouzoea. Baada ya kuwashwa, mfumo mzima haujafikia gigabaiti moja ya memori kwenye mashine zetu, na hilo ndilo lililowanyamazisha waliolalamikia urembo.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikuchukua Xubuntu, ndugu ya mfumo endeshi wa Ubuntu, ambayo nayo ni Xfce na imepambwa vizuri zaidi. Tangu toleo la 22.04, Firefox ya Ubuntu na ndugu zake husambazwa kwa mfumo wa snap, unaojisasisha wenyewe nyuma ya pazia. Kwenye intaneti isiyo na kikomo hilo ni jema. Kwenye bando, napendelea Firefox ESR ya Debian inayosubiri amri yangu.

Debian 13, iliyotoka Agosti 9, 2025, imeleta Xfce 4.20, na ufungashaji wake una nidhamu ile ile. Majaribio ya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, yameanza humo, lakini xfwm4 bado ni ya X11, mfumo wa zamani, kwa hiyo anayeitaka Wayland iliyokomaa aende kwenye mazingira mengine ya eneokazi, GNOME au KDE Plasma. Mwenye kompyuta ya biti 32 ajue pia kwamba toleo hili halina tena programu ya usakinishaji wala kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa ajili yake. Mashine kama hizo bado zimo katika skuli zetu. Zinaweza kubaki na Debian 12, ambayo msaada wake wa muda mrefu unaendelea hadi Juni 2028.