Kumleta marehemu kutoka Zambia hadi Dodoma: uzoefu wangu na kampuni ya mazishi

Kama una ndugu anayeendesha malori ya Zambia au Kongo, soma hii wakati bado hamna msiba. Kampuni tuliyoitumia iko hapa Dodoma mjini. Jina naliacha, maana nina sifa zao na nina malalamiko.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa dereva wa semi. Alipata ajali karibu na Mpika, Zambia. Kwao ni Mlowa Barabarani, Chamwino, na njia ni lami: Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa, ukivuka Mtera umekaribia nyumbani. Kwa hiyo hatukufikiria ndege.

Bei ilikuwa shilingi milioni sita na nusu. Wazee walidhani hela yote hiyo ni ya jeneza. Kubwa ni gari: linatoka Dodoma tupu, linarudi na mwili, na mnalipia kwenda na kurudi, pamoja na bima ya COMESA ili litembee nje ya nchi. Posho ya madereva wawili haikuwemo, na tuliambiwa gari likiwa tayari limefika Iringa. Hapo walinikera. Mweka hazina wetu alishafunga hesabu ya michango, ikabidi tuanze tena kuwapigia simu watu waliokwisha kutoa, na wewe unajua mtu anavyopokea simu ya mchango wa pili.

Lakini ukiniuliza hela yetu ilifanya kazi wapi, nitakutajia kijana wao wa Lusaka. Kifo cha ajali kina makaratasi mengi: taarifa ya polisi, uchunguzi wa mwili, cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha mwili, hati ya aliyetia dawa na kufunga jeneza, kisha barua ya Ubalozi wetu. Mwili uko Mpika, ubalozi uko Lusaka, katikati kuna zaidi ya kilomita 600. Cha kwanza alichotaka yule kijana ni picha ya pasipoti. Akailinganisha na cheti cha kifo, akanipigia: "Dada, pasipoti ina zeta, cheti kina esi. Gari lisitoke." Herufi moja tu ya jina la ukoo. Madereva waliokuwa wenzake na marehemu walisema nendeni, mtaelewana mpakani. Mpakani hawarekebishi cheti cha kifo, kinarekebishwa kilikotolewa. Tulisubiri, na kwa kweli ile subira ndiyo ilituokoa.

Tunduma niliwapokea mwenyewe. Siku hizi maafisa wa Zambia na wa kwetu wanakaa pamoja, unakaguliwa upande unaoingia. Afisa afya alisoma hati ya dawa, akazunguka jeneza akiangalia palipochomelewa, akagonga muhuri. Hakuna aliyeuliza kuhusu jina.

Kuhusu jeneza lenyewe. Ndani ya mbao kuna sanduku la bati la zinki lililochomelewa pande zote, na hilo halifunguliwi kijijini. Hawakutuambia mapema, sisi tukawa hatujawaandaa wazee. Baba mdogo aligoma kabisa: "Mwanangu, tutamzikaje mtu ambaye hatujamwona?" Bahati nzuri, mafundi walikuwa wameweka kioo kidogo usawa wa uso. Mfuniko wa mbao ulipoinuliwa, bibi alikifuta kile kioo kwa ncha ya kitenge, akatazama kwa muda, akasema ndiye. Ubishi ukaisha. Mkiagiza, ulizeni habari ya kioo kabla bati halijachomelewa.

Jambo jingine wala si la kampuni, ila ningependa mtu angetuambia mapema. Aliyefia kazini, familia yake ina haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kuna msaada wa mazishi na kuna malipo ya wategemezi. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Tajiri wa marehemu alikuja na bahasha ya rambirambi na karatasi ya kusaini kwamba hatumdai. Wifi alipokea bahasha, karatasi akaikataa, na mimi nilimuunga mkono mbele ya ukoo wote.

Nikipatwa tena nitawapigia hao hao, posho ikiwa imeandikwa kwenye mkataba. Ila angalieni vyeti halisi. Wifi anavihitaji kwa mirathi na kwa WCF, nakala hazitoshi, na kampuni ilivibakiza kwenye faili la safari. Nilipovifuata ofisini niliambiwa faili liko ndani ya gari, na gari liko Singida kwenye msiba mwingine. Vidaini mwili unaposhushwa, kabla dereva hajapewa chai.