Video za gitaa la jazi: ipi ununue kwanza

Video za kufundisha gitaa la jazi zimejaa, na nyingi zinaanza na skeli (ngazi za nota). Mtu analipa, anakariri modi saba (skeli ileile ikianzishwa kwenye nota tofauti), vidole vinakimbia kweli, lakini akipewa solo kwenye bendi haisikiki kama jazi. Kilichopungua hapo ni mwendo, ile swingi, yaani mdundo wa kubembea wa jazi. Ndiyo maana nimezipanga hizi kwa kuangalia kwanza ipi itakunyoosha mwendo mapema, kisha ipi inakuonyesha mikono yote miwili vizuri. Nadhani msomaji wangu tayari anajua kodi za kawaida na pengine anapiga dansi, rumba au nyimbo za kanisani. Mtu wa namna hiyo ana sikio na mkono wa kulia uliokomaa. Asirudishwe darasa la kwanza.

1. Emily Remler, Bebop and Swing Guitar

Hii ndiyo ya kununua kabla ya nyingine yoyote. Ilitolewa na Hot Licks, kampuni iliyoanzishwa na mpiga gitaa Arlen Roth mwaka 1979, enzi ambazo masomo ya gitaa yaliuzwa kwa kanda. Remler, mpiga gitaa wa Marekani, alifariki Australia mwaka 1990 akiwa na miaka 32, na mpaka leo sijaona mwalimu aliyelieleza suala la mwendo kwa uwazi kama yeye.

Anafanya jambo moja ambalo peke yake linatosha bei ya video: metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) inagonga pigo la pili na la nne tu. Jaribu hivi. Ukitaka kupiga kwa kasi ya 120, iweke metronomu kwenye 60, kisha sikiliza mlio wake na uhesabu "mbili… nne… mbili… nne", wewe mwenyewe ukijaza moja na tatu kichwani. Sasa piga bluzi ya baa 12. Mara nyingi kufika baa ya tano au ya sita utakuta mlio umehamia kwenye moja na tatu, maana yake umekimbia au umechelewa bila kujijua. Rudia. Siku mlio utakapobaki mahali pake hadi mwisho wa bluzi, hata wenzako kwenye bendi watasikia tofauti.

Nadharia ipo pia, ila kwa kiasi kinachobebeka. Kodi ya G7 inapokuwa njiani kurudi C, Remler anapiga skeli ya maina ya jazi iliyo nusu hatua juu yake, yaani ya Ab. Ukishajua skeli hiyo moja, umepata zile nota kali zote za G7 (zilizopandishwa au kushushwa nusu hatua) bila kukariri jina jipya. Ana video ya pili, Advanced Jazz and Latin Improvisation. Ni nzuri, lakini isubiri ya kwanza ikuingie mkononi.

2. Wes Montgomery, Live in '65

Hii ni tamasha, na bado inafundisha kuliko masomo mengi. Iko kwenye mfululizo wa DVD wa Jazz Icons, na imekusanya picha za televisheni za Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza kutoka ziara yake ya Ulaya ya mwaka 1965. Miaka mitatu baadaye alifariki, akiwa na miaka 45.

Angalia mkono wa kulia. Hatumii piki, anagonga nyuzi kwa nyama ya kidole gumba, karibu kila mara kwa kushuka, huku vidole vingine vimetandazwa juu ya mwili wa gitaa kama nanga. Kisha hamia mkono wa kushoto anapoanza okteva, yaani nota ileile ikipigwa juu na chini kwa pamoja. Nota mbili zinalia huku uzi ulio katikati yake umezimwa na nyama ya kidole cha shahada, kwa hiyo gumba linapita juu ya nyuzi zote tatu bila kuharibu chochote. Kwenye kanda ya sauti hilo hulioni. Utalisikia, utajaribu kuliiga kwa piki, na utahangaika sana.

Sehemu ya Uholanzi ndiyo ninayoirudia zaidi. Yuko studio na Pim Jacobs kwenye piano, Ruud Jacobs kwenye besi na Han Bennink kwenye dramu, na kati ya nyimbo wanaelekezana kodi. Montgomery hakuwa msomaji wa nota, lakini mle ndani yeye ndiye anayejua kila kodi inakwenda wapi. Kijana anayedhani bila kusoma nota hawezi kuingia kwenye jazi aitazame sehemu hiyo.

Angalia pia anavyopanga solo: anaanza na nota mojamoja, anapanda kwenye okteva, anamalizia kwa kodi nzima. Chukua wimbo wowote unaoujua na uupange kwa ngazi hizo tatu.

3. Joe Pass, Solo Jazz Guitar

Nayo ni ya Hot Licks. Inunue kama unapiga peke yako hotelini, harusini au nyumbani, maana Pass alikuwa bingwa wa kubeba melodi, kodi na besi kwa gitaa moja. Faida yake kubwa ni kwamba anapunguza mambo: kodi zote anazigawa kwenye meja, maina na zile za saba zinazotaka kurudi nyumbani, mengine anayahesabu kuwa mapambo. Tatizo ni kasi. Anaeleza jambo kwa sentensi moja, halafu anapiga mfano ambao vidole vyako vitauhitaji wiki nzima. Bila kupunguza kasi ya video utabaki kushangaa tu.

4. Art Farmer, Live in '64

Jina kwenye jalada ni la mpiga flugelihoni (aina ya tarumbeta), lakini mpiga gitaa ni Jim Hall na piano haipo. Wanaopiga gitaa la ridhimu waitazame hii. Hall anaacha nafasi kubwa, anaweka kodi ya nota mbili au tatu mahali panapohitajika, kisha ananyamaza.

Kabla ya kulipa

DVD zina kanda za dunia. Sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, iko kanda ya 5, ilhali za Marekani ni kanda ya 1. Tafuta iliyoandikwa 0 au "All", vinginevyo deki yako inaweza kuikataa. Ukinunua iliyotumika, uliza kama kijitabu cha nota na tabu (michoro ya nyuzi yenye namba za freti) bado kimo, kwa sababu muuzaji anaweza kukutumia diski tupu. Kama toleo la kupakua linapatikana, mimi nachagua hilo: bando unalitumia mara moja, halafu unaifungua kwa programu ya VLC, unapunguza kasi bila sauti kushuka na kurudia kipande kile kile kuanzia A hadi B.

5. Tovuti za kulipia

TrueFire ina kozi nyingi za jazi, zikiwemo za Frank Vignola, na kichezeshi chake kinapunguza kasi na kuonyesha tabu papo hapo. ArtistWorks inakuruhusu kutuma video yako ukipiga, na mwalimu anakujibu kwa video. Kwa aliye mbali na mwalimu wa jazi, hilo lina thamani. My Music Masterclass inauza somo mojamoja, kwa mfano la Peter Bernstein, na mimi napenda mtindo huo kuliko ada ya kila mwezi. Ada ya mwezi inamfaa mwenye ratiba ya kila siku. Kama unashika gitaa Jumamosi tu, pesa itakatwa na kozi hutaimaliza.

Na kabla hujalipia yoyote, tazama bure za Jens Larsen, Mdenmaki anayeishi Uholanzi, kwenye YouTube. Anaeleza mistari ya melodi ya bibopu, ile jazi ya kasi yenye kodi nyingi, vizuri sana. Video za Ted Greene, aliyefariki mwaka 2005, nazo ni za bure, na kwa upande wa kodi sijui hazina kubwa kuliko hiyo.

Za baadaye

Pat Martino, Creative Force. Huyu alipoteza kumbukumbu baada ya upasuaji wa ubongo mwaka 1980 akajifunza gitaa upya, na namna anavyoiona freti ni ya kwake kabisa: kodi zote zinazaliwa kutoka maumbo ya kodi mbili, ogumenti na diminishi. Ninamheshimu mno, lakini ukianza naye utatoka na michoro mingi na wimbo usiopigika.

The Way Up Live ya kundi la mpiga gitaa Pat Metheny, iliyorekodiwa Seoul mwaka 2005, ni wimbo mmoja wa zaidi ya saa nzima. Hautakufundisha kodi hata moja. Inunue ukiwa na spika nzuri na jioni isiyo na shughuli.