Banda zuri la mpira, ila ukiwa mwanamke jiandae na mtihani

Wale mnaouliza kila siku sehemu ya kuangalia dabi ya Simba na Yanga huku Tabata, kuna banda moja limekarabatiwa, jina silitaji maana mwenyewe bado tunasalimiana, ila wa huku mshalijua. Picha iko poa kwa kweli. Ile projekta ya zamani iliyokuwa inafanya jezi ya Simba ionekane ya chungwa wameitoa, sasa kuna skrini mbili kubwa, king'amuzi cha Azam, na jenereta liko nyuma kwa hiyo Tanesco wakifanya yao mnakosa dakika moja tu afu mnaendelea. Kiingilio siku za kawaida jero, siku ya dabi buku mbili, na sina ubishi nayo hiyo. Mishkaki yao acha kabisa, nyama laini, pilipili ya kusaga wenyewe.

Shida ni emsii.

Kuna kaka wanamwekaga na maiki, kazi yake kuchangamsha watu kabla mpira haujaanza na wakati wa mapumziko. Kwa wanaume utani wake ni ule ule tunaoujua, huyu wa Yanga anaitwa utopolo, yule wa Simba kolo, mtu anarushiwa anarudisha, banda zima linacheka, yanaisha. Ila akiona dada kavaa jezi anabadilika anakuwa kama mwalimu wa zamu. Simama dada, tuambie kuotea ni nini. Taja kikosi. Nani kakununulia hiyo jezi? Na ukijibu sawa hujapita, linakuja swali lingine gumu zaidi mpaka ukwame, mi aliniuliza nani aliifungia Simba siku ile Yanga walipotupiga tano nikamwambia Kibu Denis, tena mpaka mapumziko ilikuwa moja moja, akasema ahaa kumbe huyu anamfuata Kibu, watu wakaangua kicheko. Sasa hapo ujibu nini? Ukiujua mpira unamtaka mchezaji, usipoujua umeletwa na bwana. Na pembeni yangu alikaa kaka mmoja mechi nzima ananiuliza yule namba fulani ni nani, yule mwingine katokea wapi, na wala hakuna aliyemsimamisha.

Msije mkaniambia ni utani wa jadi. Mi Simba, tarehe 5 Novemba 2023 nilinyooshewa vidole vitano sokoni, kwenye daladala, mpaka kwenye kicheni pati ya binamu yangu, na mi nikawa nawarudishia 5-0 ya 2012, nikizidiwa nawachimbulia 6-0 ya 1977 ambayo hata sikuwa nimezaliwa. Ndo raha yenyewe ya hizi timu mbili, unapigwa na unapiga. Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba na akiwaita Yanga utopolo, alihamia kwao 2021 na wakampokea, wakacheka naye. Ila nikiulizwa nani kakununulia jezi, nirudishe nini? Kuna mwanaume gani mle ndani anaulizwa hilo? Hapo napigwa tu.

Na mi angalau ni mtu mzima. Siku hiyo kulikuwa na binti mdogo mdogo hivi, jezi ya Yanga, kaja na kaka yake. Akaulizwa mshika kibendera kazi yake nini, akababaika, maana ile maiki ikiwa mdomoni mwako na banda zima limenyamaza linakusubiri hata jina lako unasahau. Mtu akamrekodi. Kabla kipindi cha pili hakijaanza kipande kilishafika kwenye grupu la WhatsApp la banda, kimewekewa na wimbo juu, na admin wa grupu ndo emsii mwenyewe. Binti akaona simu za watu, akamvuta kaka yake wakaondoka, buku mbili zao mbili zikaenda hivyo. Wana Yanga wenzake walikuwa wamejaa, wengine wamejipaka kijani na njano mpaka masikioni, hakuna hata mmoja aliyesema we emsii hebu muache mdogo wetu.

Yaani nchi hii hii ambayo Simba iliongozwa na Barbara Gonzalez kama mtendaji mkuu kuanzia 2020, Jonesia Rukyaa kashapuliza filimbi kwenye dabi ya wanaume, Simba Queens, timu yetu ya wanawake, 2022 wakafika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika kule Morocco. Mechi ya Queens nimeshaiomba pale, skrini ya pili ilikuwa inaonyesha tamthilia bila sauti, nikaambiwa haina wateja. Choo cha wanawake kimejaa makreti ya soda mpaka mlangoni, ukiomba ufunguo mhudumu anashangaa kama umeomba ufunguo wa nyumba yake.

Nilimfuata mwenye banda, mzee wa heshima zake, nikamwambia shikamoo baba, yule binti katolewa machozi na kile kipande bado kinazunguka. Akasema marahaba mwanangu, ile ni burudani tu, watu wakichangamka wananunua. Akanipa soda ya bure. Nadhani ilitoka chooni kwetu. Nikamwomba basi angalau kwenye grupu kifutwe, akasema atamwambia kijana. Naandika hapa kipande bado kipo, nimekiangalia asubuhi.

Kwa hiyo nyota tano za picha na mishkaki, moja ya huduma, na hiyo moja ni ya yule dada wa jikoni maana yeye ndo alimfuata binti nje akampa maji. Wakina dada mnaotaka kwenda hata hivyo, kaeni meza za upande wa jikoni, maiki yao ni ya waya na huko haifiki.