Huduma ya kukagua nyumba kabla ya kununua: tathmini kutoka Lubumbashi

Mtu anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), huzungukwa na washauri wengi: komisionere (dalali) anayengojea asilimia yake, mwenye nyumba anayetaka kumaliza upesi, na ndugu ambao kila mmoja ana fundi wake. Wote wana maneno, ila hakuna hata mmoja anayelipwa ili aiseme nyumba jinsi ilivyo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na ofisi ndogo ya mafundi iliyoko Kampemba, ambayo kazi yake ni kukagua tu: haijengi, haiuzi, wala haipokei kitu kutoka kwa muuzaji. Niliwatumia kabla ya kununua nyumba ya vyumba vitatu upande wa Bel-Air, na tathmini hii inahusu kazi waliyoifanya, namna walivyoifanya, na yale ambayo mteja bado atalazimika kujitafutia mwenyewe.

Huja watu wawili, fundi wa ujenzi na fundi wa umeme, na bei niliyolipa ilikuwa dola 120, nusu yake ikilipwa siku ya makubaliano na nusu nyingine siku ya kupokea ripoti. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa franga, hizo si fedha za kuchezea, na ninaelewa kwa nini wengi huona heri kumwita shemeji anayejua kidogo mambo ya nyaya. Lakini shemeji haji na vipimo, na zaidi ya hapo si rahisi amwambie mwenye nyumba usoni kwamba mbao za paa lake zimeliwa.

Ubora wa huduma hii uko hasa kwenye umeme. Wauzaji hupenda kuonyesha nyumba mchana, wakati majirani wako kazini, marusho (majiko madogo ya umeme) yamezimwa na kila ampule (balbu) inang'aa vizuri. Mafundi hawa hukataa kumaliza kazi mchana. Sharti lao la kwanza ni kwamba nyumba ifunguliwe mara mbili, mchana na tena kati ya saa moja na saa mbili usiku, mtaa mzima unapokuwa unapika na kupasha maji. Mchana kipimo kilionyesha volti 207 kwenye prizi (soketi) ya jikoni. Usiku fundi alichomeka nyaya za kipimo katika prizi ileile, akaniita: "Papa, soma mwenyewe." Namba ilikuwa inachezacheza kati ya 158 na 163.

Asiyezoea mambo haya atasema kwamba volti 160 badala ya 220 ni upungufu wa robo hivi, na kwamba chakula kitachelewa kidogo tu. Hesabu haiendi hivyo. Nguvu ya kifaa cha kupasha joto hupungua kwa mraba wa volteji, kwa hiyo rusho la wati 1,000 lililotengenezwa kwa volti 220 hutoa takriban wati 530 tu linapopata volti 160. Na kwa kuwa sufuria huendelea kupoteza joto hewani kwa kiasi kilekile, maharagwe yatachukua zaidi ya mara mbili ya muda wake kabla ya kuchemka. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilizounganishwa na SNEL, shirika la umeme la taifa, bado zina mbabula (jiko la makaa) uani na gunia la makala, yaani makaa, kando ya mlango, na mwenye nyumba analipia nishati mara mbili. Kwa frigo (friji) mambo ni mabaya zaidi, maana mota isiyopata volteji ya kutosha huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata moto, na mwishowe huungua.

Walichokifanya baada ya hapo ndicho kilichonishawishi. Fundi wa umeme alifuata nguzo kwa miguu hadi kwenye kabini (kituo cha transfoma) inayolisha barabara ile, akiandika ni nyumba ngapi zinazotegemea laini moja na ni wapi waya mnene unapogeuka kuwa mwembamba. Ripoti ilieleza kwamba tatizo haliko ndani ya nyumba bali liko njiani, kwenye umbali na wembamba wa waya, na kwamba kubadilisha nyaya za ndani, kama komisionere alivyokuwa ameshauri, kusingerudisha volti zilizopotea barabarani. Nikiwa na karatasi hiyo mkononi nilirudi kwa mwenye nyumba, naye akashusha bei kiasi cha kutosha kununua kidhibiti volteji kizuri, kifaa kinachosawazisha volti zinazoingia, na kubakiwa na chenji. Walidai pia kuona risiti za mwisho za umeme na za maji ya REGIDESO. Dai hilo ni la busara, kwa kuwa deni la muuzaji likibaki, anayekatiwa waya ni yule aliye ndani ya nyumba.

Ndani walifungua kasha la disjonkta (swichi zinazojizima zenyewe kukiwa na hatari) na prizi kadhaa. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha taa, prizi zinataka 2.5, na jiko kubwa la umeme au boila (tangi la umeme la kupasha maji) yenye nguvu kubwa hutaka 4 au 6 kwa kadiri ya nguvu yake; katika nyumba hii boila ilikuwa imefungwa kwenye waya wa taa. Waya wa kijani na njano, ule wa kupeleka umeme ardhini, ulionekana ukitoka kwenye boila na kushuka ukutani kwa unadhifu kabisa, kisha ukapotelea ndani ya plasta. Fundi alikuna ukuta kwa bisibisi hadi ncha yake ikatokea, akaivuta kwa vidole viwili, ikatoka yote: haikuwa imefungwa popote. Bafu la namna hiyo linaweza kuua, na muuzaji, ambaye naamini hakujua, alinyamaza kwa muda mrefu. Ripoti iliagiza fimbo ya shaba ifukiwe ardhini na disjonkta ya miliampea 30 iwekwe kabla ya mtu yeyote kuoga humo, tena ikaongeza kwamba fimbo hiyo ipimwe mwezi wa Septemba, kwani udongo uliokauka hupitisha umeme vibaya na kipimo kizuri cha Januari huweza kudanganya.

Fundi wa ujenzi alikuwa mtu wa maneno machache, ila alizingatia jambo ambalo matangazo ya nyumba hayalitaji kamwe, nalo ni upande ambao nyumba inatazama. Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 hivi kusini mwa ikweta, zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila mkazi anaijua baridi ya asubuhi za Juni na Julai. Katika miezi hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo madirisha ya kaskazini huingiza joto la bure, ilhali chumba chenye dirisha la kusini peke yake hubaki baridi mchana kutwa. Mnamo Oktoba, joto likiwa kali kabla ya mvua kuanza, jua hupita karibu wima juu ya paa na alasiri hupiga ukuta wa magharibi. Hapo mabati yasiyo na dari wala nafasi ya hewa chini yake huteremsha joto lote kwa walio ndani. Nyumba niliyoinunua ina vyumba vya kulala upande huo wa magharibi. Kasoro hiyo hairekebishiki, hupunguzwa tu kwa kibaraza au kwa mti wa avoka utakaochukua miaka kukua, na nilifurahi kuijua kabla ya kutia sahihi. Kwa habari ya mchwa, alipanda juu ya dari na kugonga kila boriti kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Vichuguu vikubwa vya huku, ambavyo watu huchimba udongo wake ili kufyatua matofali, ni uthibitisho wa kutosha kwamba wadudu hao hawako mbali na paa la mtu.

Sehemu ya mwisho ya ripoti inapanga matumizi ya fedha za kupunguza gharama ya nishati, na hapo sikubaliani nao katika yote. Wanaanza na ampule za LED, na hesabu yao ni sahihi: ampule kumi za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku hutumia kilowati-saa 3, na zile za LED za wati 9, zenye mwanga unaokaribiana, hutumia 0.45. Kisha wanataja boila. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 55 hula zaidi ya kilowati-saa 4, lakini ndoo ya lita 15 ya maji ya vuguvugu kwa mtu mmoja haifiki hata nusu kilowati-saa. Familia inayoogea ndoo, kama familia nyingi zinavyofanya hapa, haina haja ya kuacha boila kubwa ikiwaka usiku kucha. Mpaka hapo tuko pamoja. Tofauti yetu ni juu ya paneli za jua na betri, ambazo wanazipendekeza mara moja kwa kila mteja. Kwa maoni yangu, nyumba yenye umeme dhaifu unaopatikana kila siku inahitaji kwanza kidhibiti volteji kwa ajili ya frigo, na nyumba inayoteswa na delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ndiyo inayohitaji betri kwanza, maana kidhibiti hakiwezi kutengeneza umeme usiokuwapo. Mwenye kuamua kununua betri na ajue kwamba zile za asidi hudhoofika haraka zikizoea kutumiwa zaidi ya nusu, lakini za litiamu huvumilia, ndiyo maana bei zake hazilingani. Paneli zenyewe huku kwetu zielekezwe kaskazini, zikiwa na mwinamo mdogo unaoruhusu mvua kuziosha. Nashangaa kwamba ripoti haikusema lolote kuhusu mbabula bora zenye kikombe cha udongo ndani, ambazo hushika joto na kula makala machache kuliko zile za bati tupu, wakati hicho ndicho chombo cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kitakachopika siku umeme ukikatika.

Karatasi za nyumba hawazigusi, nao husema hivyo wazi tangu mwanzo. Mnunuzi asidhani kwamba ripoti nzuri ya ukuta na waya inamlinda. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na konservatere (ofisa wa serikali wa hati za ardhi), si kwa barua ya shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) wala kwa fishi ya komini (karatasi ya manispaa). Mkataba wa kupanga wa miaka 3, ambao baadhi ya wauzaji huuonyesha kana kwamba ndio hati yenyewe, ni hatua ya kwanza tu kuelekea cheti. Hata cheti kipya kabisa kisimtulize mtu haraka, kwani sheria hukifanya kisiweze kupingwa baada ya miaka 2 tangu kitolewe. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, mwenzake naye akubali kwa maandishi. Nyumba ikiwa ya urithi, warithi wote watie sahihi, pamoja na yule aliyehamia Kolwezi au ng'ambo, maana kesi nyingi huanza siku huyo asiyeulizwa anaporudi. Kisha mauzo yathibitishwe mbele ya notari, na uhamisho wa jina uombwe mara moja.

Kasoro nyingine za ofisi hii ni za kawaida, ila zinaudhi. Ripoti ilichelewa kuliko walivyoahidi, wakati komisionere alikuwa akinipigia simu kila asubuhi kudai kwamba kuna mteja mwingine. Imeandikwa kwa Kifaransa cha mafundi, na picha zake hazina maelezo, hivyo mama wa nyumbani, ambaye ndiye atakayetumia jiko na bafu, hawezi kuisoma bila kusomewa. Maji ya kisima hawayapimi, na shimo la choo walilitazama kwa juu tu bila kufunua mfuniko. Nililazimika kumlipa mtu mwingine kwa hayo mawili.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa na kukaliwa, ningewaita tena. Kwa kiwanja kitupu hawana kazi kubwa, na mnunuzi wa kiwanja afadhali atumie fedha hizo kwa mpimaji wa kadasta (ofisi ya vipimo vya viwanja), ili mawe ya mipaka yaonekane na ijulikane kama laini kubwa ya umeme inapita juu. Wanafanya kazi Jumamosi pia. Waitwe kabla ya kutoa akonti (malipo ya awali), si baada yake, na mwenye nyumba aelezwe mapema kwamba watarudi usiku. Akikataa kufungua mlango saa hizo, mimi ningekwenda kuangalia nyumba nyingine.